Vibao

Besi ililala miaka sita nyuma ya kabati la mama mdogo,
tumboni ina ufa, shingoni vumbi la unga.
Enzi za taarabu yeye aliibembeleza.
Mimi nikaibeba mgongoni hadi Barabara ya Tisa, Ngamiani,
kwa Shembilu, fundi vitanda.

"Jeneza la nani hili?"
Sikucheka. Nikamwambia nataka kuipiga vibao.
Akaipapasa ubavu.
"Kwani imekukosea nini?"

Gundi ya moto, vibanio vitatu, usiku mmoja.
Kulipokucha akalila daraja kwa msasa, taratibu,
kisha akapanga sarafu kati ya uzi na ubao:
tatu, uzi unakoroma;
sita, kidole kinalia.
Tukapatana nne.

Nyuzi za chuma zilinichana, tukazing'oa.
Za utumbo wa mbuzi, bei yake mbuzi mzima.
Akavuta droo, akatoa uzi wa mashine ya kufyekea,
mwekundu, mnene kama mrija:
"Huu umenyoa uwanja wa shule nzima.
Utakuogopa wewe?"

Plasta kidole cha shahada, plasta cha kati.
Nikauvuta uzi, nikauachia,
ukarudi ubaoni: pa!
Kiganja kikaufuata: ta!
Pa-ta, pa,
nikapotea, nikaanza upya,
pa-ta, pa-ta.

Ng'ambo ya ukuta mbuzi ya nazi ikanyamaza.
"Nyie! Mnampiga nani humo?"

Shembilu, misumari mdomoni:
"Subiri. Ndiyo kwanza anaanza kujibu."