Funda na Fundo

Baba alikunywa chai kama mtu anayefukuzwa.
Birika lingali likitokota juu ya makaa,
yeye keshamimina, keshapuliza mara moja, kwa adabu tu,
keshameza.
"Ya vuguvugu," alisema, "ni ya wagonjwa na wakwe."
Huku kwetu, kaskazini ya Gonbad,
nyika inakolala chali hadi mpaka wa Turkmenistani,
mwanamume alipimwa kwa farasi wake, kwa neno lake,
na kwa koo lisiloshtuka.

Mkate ndio ulioanza kumkwama.
Kwanza ganda. Kisha nyama ya kondoo.
Kisha wali, punje kwa punje,
kama mtu anayelipa deni asilokumbuka kulikopa.
Mwishowe hata chai, swahiba wake wa miaka sitini,
ilifika mlangoni ikakataa kuingia.

Sitasema chai ndiyo iliyomuua.
Daktari wa Gorgan hakusema hivyo.
Alisema: huenda.
Alisema: moto mwingi kwa miaka mingi,
mboga haba, tumbaku, na bahati.
Hapo akainua mabega,
maana bahati haina kipimajoto.
Nilimpenda kwa ile "huenda" yake.
Waongo hawaijui.

Arobaini ilipopita,
mama yangu, Ogulgerek, akatandika kitambaa juu ya zulia,
akapanga vibakuli viwili, akamimina,
akaiweka mikono yake mapajani.
"Haya, sasa?"
"Sasa tunangoja."

Hatukujua kungoja.
Dakika ya kwanza tuliutazama mvuke
kama watu wanaomtazama mgeni aliyekosea nyumba.
Dakika ya pili mbwa alibweka nje, tukamshukuru.
Ya tatu, bila kuniangalia, mama akasema
kwamba kabla ya baba alichumbiwa na mpanda farasi wa Kalaleh,
kwamba uchumba ulivunjika msimu wa kukata manyoya,
kwamba zulia hili alilifuma mwaka ule, akilia,
na kuna fundo moja jekundu mahali palipotakiwa jeusi.
Nikapapasa. Lipo.
Nimelikalia maisha yangu yote.
"Mbona hukuniambia?"
"Ningekuambia saa ngapi? Chai ilikuwa inaisha."

Tangu hapo tumebadilisha mengine, kidogokidogo, kwa mikono yenye mashaka.
Nyama ya chumvi tumeishusha kutoka kwenye kamba.
Nyuma ya tanuri pameota mchicha, vitunguu vya majani,
na figili ambazo mbuzi wa jirani anazijua kwa majina.
Dengu mara nne kwa wiki. Komamanga zikija, komamanga.
Mama hasemi ni dawa.
Anasema, "Ni chakula. Dawa ina karatasi."
Na usiku mwingine, mifupa ikimuuma,
anakaanga mkate kwa mafuta ya mkia wa kondoo
na hakuna anayethubutu kumhutubia.

Kaka yangu Annaberdi, dereva wa lori la pamba,
alikuja majira ya baridi, theluji mabegani.
Akatuona tumekaa mbele ya chai tusiyoinywa
akacheka mpaka akakohoa.
"Nani kafa tena?"
Akamimina chake, akakiinua kinafuka,
mkono uleule, kiwiko kilekile,
nami nikamwona baba, nikafumba macho.

Sikusikia funda.
Nilipofumbua, kibakuli kilikuwa kingali mkononi,
mvuke ukimlowesha masharubu,
na yeye anaangalia chini, katikati ya magoti yake.
"Mama," akasema, "hili fundo jekundu ni la nini?"

Mama akavuta pumzi.
Akamwambia kiweke chini kwanza,
ni hadithi ndefu.