Usiku Mmoja Zaidi, Ilboru

Sanduku lilipanda Ilboru kwa pikapu ya viazi,
Lomnyaki amelikumbatia nyuma kama mgonjwa,
maana karatasi ilisema: lisilazwe, lisiinamishwe,
na barabara ile ina mawe yasiyosoma karatasi.

Mwezi wa saba. Meru umejifunika hadi magotini.
Mama Nembris akatoka na sweta mbili na koti la marehemu,
akalizunguka mara moja:
"Mwanangu kauza ng'ombe wangapi kwa kabati hili?"

Ni pampu ya joto, mama. Haichomi kitu.
Inaokota joto kwenye hewa ya nje, inaliingiza ndani.
"Hewa hii?" Akapuliza, pumzi ikawa moshi.
Hewa hii hii. Hata baridi ina chenji mfukoni.

Zege tulimwaga Jumatatu, Alhamisi lilikuwa limekaza.
Kiputo cha pima maji kikatulia katikati.
Mpira chini ya kila mguu, ukuta tukauacha hatua mbili,
mparachichi hatua sita, majani yake hayana adabu,
yangeziba matundu.
Bomba la jasho tukalielekeza kwenye migomba,
ikanywe bure.

Kabla ya waya nilizima swichi kuu,
nikang'oa fyuzi, nikazitia mfukoni mwa ovaroli, nikafunga zipu.
Lomnyaki akacheka: "Kwani nani ataiwasha?"
Nikamwonyesha kidole changu cha shahada,
kucha haijarudi tangu Usa River,
siku mtu mwema aliponiwashia umeme ili nione vizuri.

Testa: kimya. Tena: kimya.
Ndipo waya wa ethi, wa kwanza kuliko wote,
skrubu hadi mkono useme basi.
Bolti za safari, zinazoushika moyo wa mashine njiani,
nikafungua mbili, nikafungua ya tatu;
ya nne hujificha.
Anayeisahau ya nne husikia mtetemo usiku kucha
na kulaumu kiwanda.
Feni nikaisukuma kwa kidole. Ikazunguka bila kunung'unika.

Jua lilipozama nikarudisha fyuzi.
Mama akaja na kiti chake, aone.
Taa ndogo ya kijani ikawaka.
Basi.
"Mbona haivumi?"

Mama, tumboni mwake mna mafuta yaliyolala na baridi.
Kuna kipasha kidogo kinayaamsha polepole.
Nikiiwasha sasa, itajivunja mifupa.
Kesho, saa kama hizi.

Nilingoja ugomvi.
Akavuta koti. "Miaka thelathini na moja wodi ya wazazi," akasema.
"Kumbe nanyi mnangoja njia ifunguke.
Waliosukuma kabla ya wakati, nimewashona mimi."

Kisha akainuka, akainama mlangoni,
akaliinua jiko la mkaa, makaa mekundu,
akaelekea nalo chumbani,
kama kila usiku wa Julai,
dirisha limezibwa kwa gunia.

Nilikuwa nimepima kila kitu katika nyumba ile
isipokuwa usiku wenyewe.

Mama, nikasema, naomba kuliazima hilo.
Kijana wangu ana njaa. Tunalala kwenye gari, tulinde mashine.
Akanitazama kwa muda,
jicho la kumtazama binti anayedanganya miezi.
Akaniachia jiko. Akaingia.
Akatoka na mahindi matatu na blanketi,
akatwaa blanketi, akaacha mahindi.

Tulichoma mahindi kando ya pikapu.
Akakohoa mara moja, akazima taa.
Ndani ya sanduku mafuta yalikuwa yakipata joto,
na mimi kila saa niliamka,
si kwa ajili ya sanduku,
nikasikilize dirishani kama bado anakoroma.

Kesho yake, saa kumi na mbili na robo,
iliguna, ikasita, ikavuma.
Mama Nembris akaweka kiganja kwenye tundu la hewa.
"Ina harufu ya duka," akasema,
wala hakukiondoa.

Jiko lake bado liko kwangu.
Hajaliulizia.