Nukta ya Saba

Kabla ya damu ya mtu yeyote
naipa mashine chupa mbili za majaribio,
moja ya kiwango cha chini, moja ya juu.
Majibu yake nayajua, kama mwalimu
anayemuuliza mtoto mbili ongeza mbili
si kwa kuitaka nne,
bali amtazame macho anapoitaja.

Saa kumi na mbili na nusu. Kisumu bado haijapata joto.
Dirishani wadudu wa ziwani wamekufa usiku,
weusi, wadogo kama ncha ya penseli.
Nawapangusa. Nafungua grafu.

Mstari wa kati ni wastani.
Michepuko miwili juu, miwili chini,
kingo za mto Nyando:
maji yana ruhusa ya kuyumba humo,
hayana ruhusa ya kuingia shambani.
Jumanne, nukta juu kidogo ya wastani.
Jumatano, juu kidogo.
Alhamisi stima ilipotea, jenereta ikakohoa, ikawaka;
juu kidogo.
Hakuna iliyovuka ukingo. Mashine yenyewe imeandika SAWA.
Leo Jumatatu ni ya saba,
na zote saba zimeketi upande mmoja
kama wenye binti siku ya mahari.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Ya mashine ni ndefu, imenyooka, ina lami.

Nikaandika kwa wino mwekundu: MAJIBU YASITOKE.

Saa tatu Daktari Khaemba akapiga.
"Agutu, nina mzee hapa, katoka Awasi alfajiri.
Tezi dume. Nipe namba tu."
Namba ninayo, nikasema. Siiamini.
"Kwani vipimo vya majaribio vimeanguka?"
Vimepita vyote, daktari. Hapo ndipo penye shida.

Nikafukua mafaili.
Jumanne tulifungua boksi jipya la vitendanishi
na mashine haikusawazishwa upya.
Kwenye fomu, pale panapoulizwa *nani alihakiki*,
kuna sahihi yenye mkia mrefu.
Yangu.

Nikasawazisha. Nukta ikashuka,
ikakalia mstari kama ndege aliyeuzoea waya.
Mzee wa Awasi: sitini na tatu ikawa hamsini na tisa.
Kwake haibadilishi kitu. Khaemba alishukuru kwa mkato,
nikasikia kiti kikivutwa, mlango ukifungwa taratibu.

Lakini tangu Jumanne kuna majina arobaini na moja.
Nimeyatoa kwenye friji, nimeyapima tena moja moja,
mengi yamesogea unywele, hayakuvuka popote.
Isipokuwa Khavere, wa Luanda,
aliyefanyiwa upasuaji mwaka jana.
Mpaka ni thelathini na tano.
Ijumaa tulimpa thelathini na saba,
akaambiwa ajiandae, huenda umerudi.
Leo ni thelathini na nne.

Siku tatu amelala na tarakimu yangu.

Simu inaita Luanda.
Inaita. Sijui nitaanza na samahani
au nitaanza na namba.