Sababu ya Kutuma Fedha

Agosti, Ruwi. Nambari yangu mia na nne,
na ubao wa mwanga bado uko sabini na kitu.
Nje lami inanata kama halwa iliyokosa mkorogaji,
ndani baridi inatafuna magoti.
Mkobani nina kiinua mgongo changu:
miaka thelathini na miwili ya kuzalisha wake za watu
hospitali ya Suwaiq
imekuwa karatasi moja, imekunjwa mara nne.

Binamu yangu Sangur amenuna tangu Ijumaa.
"Nunua kiwanja Barka," anasema,
"jenga, pangisha, kula taratibu.
Huko Afrika watakunyonya mpaka kokwa."
Sangur ana rangi yangu, ana pua ya bibi yetu,
na ana kabila la watu waliomnunua bibi.
Mimi pia. Limeandikwa kwenye kitambulisho,
limenisitiri kama nguo ya kuazima:
inakutosha, ila hujui ilishonewa nani.

Bibi Tufaha.
Hilo nalo si jina, ni tunda,
walimpa siku aliposhushwa pwani ya Batina
mtoto wa kung'oka meno ya mbele.
Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, akatugawia.
Kiarabu chake kilikuwa cha kuitikia.
Lugha ya tatu hakumfundisha mtu.

Usiku wa mwisho ikamrudia hiyo ya tatu.
"Mesi," alisema. "Mesi."
Nilikuwa na miaka kumi na miwili,
mimi ndiye niliyekaa upande wa kichwa.
Tukamletea asali. Tukampondea tende.
Tukamwita jirani yetu Musa, labda anamtaka yeye,
na Musa akaja na bakora yake, akakaa, akalia,
asijue analilia nini.
Alfajiri midomo ya bibi ilikuwa imepasuka
kama udongo wa falaji iliyokatwa.

Miaka arobaini na mitano baadaye
lifti ya wodi ikakwama kati ya ghorofa,
mimi na fundi, Ausi Kalembo, kijana wa Tunduru.
Kupitisha muda tu, nikamwuliza.
Akajibu na bisibisi mdomoni,
hajui anachofungua:
"Mesi? Maji, mama. Kwetu Uyaoni ni maji."

Maji.
Jagi lilikuwa dirishani.

Nikawaandikia Tunduru, chama cha akina mama wa korosho,
shangazi wa Ausi ndiye mweka hazina.
Nikasema nitawachimbia kisima.
Kurasa tatu, moja ilibidi niinakili upya, ililowa.
Jibu lilikuja siku ya pili kwenye simu,
sauti ya mwanamke, jogoo nyuma yake:
"Kisima tunacho, mama, cha mwaka juzi, maji yake matamu.
Tunachokosa ni mashine ya kubangua.
Tunauza ghafi, wenzetu wanakula faida.
Hisa zako thelathini kwa mia, hesabu kila miezi mitatu.
Ukitaka kulia, njoo ulie huku, tutakupokea.
Ila mkataba usome kwanza."

Nilicheka peke yangu mpaka chai ikapoa.
Kisha nikausoma. Mara mbili, na miwani.
Kifungu cha saba nikakikataa, wakakibadilisha.

Mia na nne.
Kijana wa dirishani anaandika bila kunitazama.
"Sababu ya kutuma fedha?
Familia, sadaka au biashara?"
Sadaka walishaikataa wenyewe.
"Weka familia," namwambia. "Na biashara."
"Mfumo haukubali mbili, mama."
Nyuma yangu mia na tano anakohoa.
Kidole cha kijana kinangoja juu ya kibonyezo,
na koo langu, sijui kwa nini, limekauka kabisa.
Pembeni ya mlango kuna mtungi wa plastiki
na vikombe vya karatasi vilivyopangana.
"Ngoja," namwambia,
"ninywe kwanza."