Pembe Nane

Mkasi wa bati haujui kupinda.
Ndiyo maana O yangu ina pembe nane,
S imevunjika mara mbili kama radi juu ya Nandi,
na hakuna herufi yenye kisigino:
zimesimama pekupeku,
watoto kwenye gwaride la Ijumaa.

Kinyozi wa Kondele alizitaka nyekundu.
Mwenye kinu pale Kibuye alisema
zinasomeka hata unga ukitimka.
Kanisa lilizirudisha. Eti zina hasira.

Kisha akaja Nyar Seme,
jina kwenye karatasi ya sukari:
OMOLO. Miaka sita. Ya kuweka msalabani.

Nikaona haya. Nikachukua tupa,
kutwa nzima naila ile O ya kwanza
mpaka ikalainika kama sarafu.

Alipitisha kidole. Kikazunguka,
kikazunguka.
“Mimi sijui kusoma,” akasema,
“na hii hainipi pa kusimama.
Nipe ile ya kona.”

Nikakata upya, zote tatu, sikugusa tupa.
Akahesabu polepole, kona kwa kona,
midomo ikicheza bila sauti.
Kwenye ya sita kidole kikatulia.

Mbili zilizobaki
hakuzigusa.