Udongo wa Kichuguu

Mvua inayotuzamisha hainyeshi kwetu.
Inanyesha huko juu, Masaba, kwa wenye kahawa,
kisha usiku inashuka Butaleja bila hodi
na alfajiri sufuria inaelea kando ya kitanda.

Mwaka ilipochukua mbuzi wawili wa Logose
na madaftari yote ya darasa la nne,
tulianza tuta.
Saruji hatukuwa nayo. Tulikuwa na majembe kumi na moja,
karai, magunia ya mpunga, ng'ombe wa kuazima.
Tulibomoa vichuguu vitatu
(mchwa, mtuwie radhi)
maana udongo wao hauvuji:
wameutafuna wenyewe, chembe kwa chembe, kwa mate.
Tukautandaza, tukaunyunyizia maji,
tukaswaga ng'ombe juu yake, kwenda na kurudi,
mpaka ukwato ukakanyaga usiache alama.

Upande wa mashariki Hirome alichora mstari kwa kisigino:
"Hapa tuache mlango. Yakizidi, yapite."
Lakini hapo palikuwa mpunga wa Higenyi,
na Higenyi akasimama juu ya mstari:
"Mnajenga ukuta au mnajenga mlango?"
Tulikuwa tumechoka.
Tukajenga ukuta.

Mwezi wa tano, usiku wa manane,
maji yalifika shingoni mwa tuta.
Nililala kifudifudi juu yake, sikio chini,
nikalisikia likinong'ona
kama uji unaoanza kuchemka.
Logose alitupa majani, akatupa mkeka, akatupa mlango wa jiko lake.
Watoto walibeba mchanga kwa vikombe.

Ndipo tukasikia jembe.

Tochi kaibana kwa meno, kifua wazi,
Higenyi alikuwa anaukata mpunga wake mwenyewe
palepale kisigino kilipopita.
Masuke yalikuwa bado na maziwa.
Hakuna aliyesema neno. Tulishuka, tukachimba naye.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yanapita
taratibu, kama watu wanaotoka matangani.

Sasa tuta limeota nyasi.
Kulisha hapo ni marufuku, ila mbuzi hawajui kusoma.
Kila mavuno tunampelekea Higenyi debe la mpunga.
Analipokea, analitikisa,
anasema halijajaa.