Mchezo Mmoja, Mia Tano

Mama Madinda alikuja saa nne, vumbi la Nkuhungu magotini,
hakunisalimia.
Aliuliza tu: Mwanangu anaumwa, au anajitakia?
Kana kwamba mimi, mwenye televisheni tatu na benchi la mbao,
nilisomea hayo.

Muuguzi wa Mirembe kamwambia ni uraibu,
neno lenyewe limeshaingia vitabuni.
Mchungaji kasema pepo.
Mjomba Chilongani kasema fimbo,
maana uraibu, kwake, sharti unuke:
gongo inanuka, bangi inanuka,
kijana huyu ananuka sabuni.

Mimi nimelelewa na chungu cha wanzuki.
Mama yangu alipika kila Jumamosi,
na alijua kwa kuutazama mkono tu
nani kaja kunywa, nani kaja kunywewa.
Watu ishirini, pombe ile ile, kata ile ile;
kumi na tisa waliimba, wakagombana, wakaenda kulala.
Mmoja alilamba ukingo.

Basi nitakuambia ninachokijua, dada. Kingine sikijui.

LUKU ikiisha hapa, saa ya joto,
vioo vitatu huzimika kwa pamoja.
Wavulana hupiga ukelele, hunitukana kidogo,
halafu hao! Kuna mpira wa makaratasi, kuna miwa,
kuna wasichana bombani.
Wale wanacheza. Waache.
Madinda hubaki.
Hukitazama kioo cheusi, anajiona humo, hajitambui,
na vidole gumba vyake viwili
vinaendelea, vinaendelea
juu ya kitu ambacho hakimsikii tena.

Lakini baba yake aliporudi kutoka machimboni Winza,
wiki mbili tu, msimu wa kupogoa,
Madinda hakukanyaga hapa.
Jioni walipita wakitoka Mpunguzi kwenye mizabibu,
mtoto kaungua na jua, anacheka kwa sauti ya mtu mzima.
Uraibu gani huo unaokwenda likizo?
Ningemuuliza muuguzi.
Au ndivyo ulivyo, unamngoja mtu mlangoni
kama mbwa mwenye adabu?

Baba akaondoka. Siku ya tatu
mkasi wa kupogolea ukaletwa kwangu,
rehani ya michezo kumi na sita.

Ndiyo, niliupokea. Tazama daftari.
Jina lake limejaza kurasa mbili, kwa mwandiko wangu mzuri.
Wewe unatafuta neno. Mimi nina hesabu,
na hesabu haisemi ugonjwa, haisemi uvivu,
inasema tu: jana, na juzi, na leo.

Aliuchukua mkasi. Hakulipa, hakushukuru.
Mlangoni akageuka:
Na wewe, unaweza kumfungia?
Nikasema ndiyo.
Nilisema haraka mno.

Kesho yake, kabla ya saa moja,
upepo umeanza kusukuma mifuko barabarani,
alikuwa kakaa kizingitini.
"Shikamoo." Ana adabu, mtoto yule.
Akafungua kiganja: sarafu moja, ina joto la usiku kucha.

Nilisimama na ufunguo.
Tarakimu ishirini za umeme nilionunua alfajiri
zilikuwa kwenye simu, zinangoja kubonyezwa,
na kidole gumba changu, nakiri,
kilikuwa kimeshaanza.